Tulivyohamisha tishari bila boti, eskaveta ikawa upondo

Mimi ni opereta wa eskaveta, miaka yote nimechimba mitaro nchi kavu, mwaka juzi ndo nikapata kazi ya kuzoa magugu maji huku Ghuba ya Mwanza. Eskaveta ya tani 20 imepanda juu ya tishari la maboksi ya chuma, mita 12 kwa 6, halina injini wala usukani, likihama linavutwa na boti. Sasa siku hiyo tunatakiwa kuhama kama mita 700 hivi, boti ya kukodi giaboksi imekufa, mwenyewe kazima simu, na bosi anapiga kila nusu saa mmefika wapi.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa pembeni anatengeneza nyavu, akatuangalia weee, akasema mwanangu, si una mkono mrefu huo hapo juu, piga upondo, kama sisi tunavyosukuma mtumbwi kwa mti unaogusa chini! Tukacheka. Halafu nikaona mbona kweli, maji hapo mita 3 tu na baketi inafika chini bila shida.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tukaanza, maana mchana upepo wa ziwani ukishaamka hakuna utakachofanya. Nikanyoosha mkono mbele, baketi ikazama kwenye tope, nikakunja taratibu, tishari likajongea lenyewe kama mita 4. Nanyanyua, nanyoosha tena. Lakini usikurupuke kuinyanyua, tope linaing'ang'ania baketi na ukilazimisha ni pua ya tishari ndo inazama, mara ya tatu maji yalipanda mpaka kwenye cheni zilizofunga eskaveta nikasema leo tunaoga. Kuzungusha mkono ubavuni pia hapana, linalala upande huo. Na machine ifungwe cheni kwenye deki kabla ya yote.

Mita 400 za kwanza zilitula masaa matatu na dizeli sitaki hata kukumbuka.

Mbele pakawa mita 9, baketi haigusi kitu. Hapo tukatumia nanga mbili, kijana anaipeleka moja mbele kwa mtumbwi na kamba ya mita 100, anaitosa, sisi wanne tunavuta kwa mikono. Tani arobaini zinaelea bwana, kazi ni kulianzisha tu, likishaanza linakuja, tena kulisimamisha ndo mtihani! Ikibaki kamba ya mita 40 tunaacha, kwa sababu ikiwa fupi nanga inanyanyuka badala ya kung'ata, basi nanga ya pili inakuwa imeshatoswa mbele tunahamia hiyo. Mara tano hivi.

Saa saba upepo ukaanza kupiga na sisi tumebakiza mita 20. Zile tulivuta kwa kelele.

Boti ilikuja Jumatatu, jamaa anauliza nani kawavuta, tukamwonyesha baketi, hakuamini mpaka leo.