Hii 37 kaiweka nani?

Wiki imepita na mambo yake. Dada kajifungua salama, mtoto wa kike, mashallah. Mwenye nyumba kapandisha kodi bila haya. Mvua imenyesha Tanga nzima isipokuwa Jumapili niliyoanua nguo mapema. Na katika yote hayo, kitu ninacholala nacho na kuamka nacho ni swali moja la Mzee wa Lezi, fundi wetu wa mashine ya kuchongea chuma, ambalo hata sikupata nafasi ya kulijibu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nimeshuka karakana na karatasi yangu ya A3, mchoro wa ile shafti ya korona niliyowaambia mwezi uliopita, yaani mhimili wake unaozunguka: wa zamani umelika, nimechora mpya uchongwe. (Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, jamani. Kila nikiandika neno hili lazima atokee mtu aniulize kama nimevaa barakoa.)

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Akajifuta mikono kwa tambara, akavaa miwani yake ya uzi, akautandaza mchoro juu ya meza ya vifaa. Mnamjua alivyo. Mchoro hausomi kuanzia juu. Anaanza chini kulia, kwenye kile kisanduku cha maelezo, aone kipimio, aone alama ya koni inayomwambia ni pembe ya kwanza au ya tatu, yaani sura za mchoro zimepangwa kwa mtindo upi, ndipo anapanda polepole. Kimya. Mimi nimesimama kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa. Halafu akaweka ukucha juu ya kipimo kimoja.

"Hii thelathini na saba kaiweka nani?"

Nikafungua mdomo. Bwana Mauzo, aliyekuwa hapo kutafuta risiti zake, akanitangulia.

"Kompyuta hiyo, mzee. Siku hizi huyu anabonyeza tu, inachora yenyewe."

"Ahaa," akasema Mzee. Akavua miwani, akaenda kutafuta chuma.

Basi. Ndiyo hayo tu, na usiku wa nne huu nayarudia. Ile "ahaa" nimeisikia kwa sauti za kila aina. Nimeisikia nikisugua sufuria, nimeisikia ndani ya daladala ya Pongwe. Na kila mara kwenye marudio yangu mimi ndiye ninayejibu kwanza, Bwana Mauzo amebaki na mdomo wazi.

Anabonyeza tu! Najua alikolitoa. Kuna siku nilimwonyesha kile kitufe cha SolidWorks, programu ninayochorea, kinachovuta vipimo vyote kutoka kwenye modeli na kuvimwaga kwenye mchoro kwa mpigo. Alishangaa kweli, akapiga picha kwa simu. Asichokiona ni kinachofuata baada ya hapo, yaani mimi kuvifuta karibu vyote.

Modeli yangu niliichora kuanzia katikati ya shafti kwenda pande mbili, kwa sababu kwenye kioo ndiyo njia nyepesi. Kwa hiyo vipimo vinavyokuja vyenyewe vinahesabu kutoka katikati. Sasa Mzee atagusa wapi katikati ya shafti? Pale hapana kitu, ni chuma cha mviringo kinachozunguka. Cha kugusa ni uso wa mwisho, na bega lile beringi inapoegemea. Ndiyo nikavipanga upya vipimo vyote vitoke begani, na urefu mmoja nikauacha bila namba makusudi, ili vile visehemu vya milimita vinavyokosewa huku na kule vipate pa kwenda. Programu pia iliniletea sura nne, ya mbele, ya juu, ya ubavuni na ile ya kupendeza ya pembeni. Shafti haihitaji sura nne. Nilibakisha moja, na mkato mdogo kwenye mfereji wa kabari, kile kipande cha chuma kinachoishika puli isizunguke peke yake juu ya shafti.

Halafu kuna habari ya beringi. Ile shafti ya zamani ilikuja imelika. Penye beringi venia, kile kifaa cha kubana na kusoma kipimo, ilisoma 39 na ushei. Ukipima kilicholika ukakichora, utachongewa kilicholika. Bahati beringi yenyewe bado ilikuwa na namba yake, 6208, na 6208 tundu lake ni milimita 40. Haya, kwenye modeli nikaandika 40. Kompyuta inaridhika, kwake 40 ni 40. Lakini chuma hakichongwi 40 kamili, kinachongwa karibu na 40, na swali ni karibu kiasi gani. Kama ningeacha lile neno la jumla la ISO 2768-m lililomo kwenye kisanduku, la kusema vipimo vinaruhusiwa kukosewa kiasi gani, liamue, shafti ya 39.7 ingekuwa halali na beringi ingecheza juu yake. Ya 40.3 nayo ingekuwa halali, na hiyo beringi usingeiingiza hata kwa nyundo. Nikaweka k6, alama inayoibana hiyo nafasi ya kukosea. Na kwa kuwa jedwali la k6 haliko ukutani kwa Mzee, nikamwandikia kabisa: isizidi 40.018, isipungue 40.002. Kona ya begani, mviringo wake usizidi milimita 1, la sivyo beringi haikai vizuri. Hayo nani kayabonyeza?

Na hiyo 37.

Pale puli inapokaa shafti ni 42, na kwa unene huo jedwali la DIN 6885, kiwango cha Kijerumani cha kabari, linataka kabari ya 12 kwa 8, mfereji wa kina cha 5. Modeli inaijua 5, na ukivuta vipimo inakupa 5. Ila fundi akishakata mfereji, ule mgongo wa mviringo uliokuwa juu umeondoka na chenga. Hiyo 5 aipimie kutoka wapi, hewani? Unachompa ni umbali wa kutoka sakafu ya mfereji hadi upande wa pili wa shafti, 42 toa 5, akashika kwa venia huku na huku akasoma 37. Mchoro ni wa mtu mwenye venia mkononi, si wa mtu mwenye kipanya.

Hili sikulisoma chuoni. Labda walilifundisha siku nilipokuwa naumwa jino. Nililiona kwa Mzee mwenyewe, miezi yangu ya mwanzo pale, mvua ikipiga bati hata husikii mtu. Mchoro wa mteja umesema kina fulani, yeye kachukua kalamu kwenye sikio, katoa hesabu kwenye kiganja, kapima kwa upande wa pili. Hakunieleza kitu wala hakujua kama natazama. Kwa hiyo jibu la "kaiweka nani" lilikuwa tayari kwenye ulimi: ni wewe, mzee. Maneno matatu. Bwana Mauzo kayapa kompyuta.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo nikiwa na hasira yangu safi, nikanywe chai. Lakini nimeyasoma tena niliyoandika na kuna kitu kimeniwasha.

Nani kaniambia lile swali lilikuwa sifa?

Fikirini. Mzee akiuliza "hili bati kalikata nani", vijana huwa wanatawanyika. "Hiyo taa kaiacha nani" ni mwanzo wa hotuba. Tangu nimeanza kazi pale sijasikia swali lenye "nani" likaishia kwenye pongezi. Na uso wake ule sikuuona vizuri, nilikuwa natazama ukucha. Inawezekana aliona kosa, akaambiwa ni kompyuta, akasema ahaa, yaani haya, hakuna wa kugombezwa hapa. Akanistahi, au akamstahi Bwana Mauzo, ambaye kusema kweli ndiye aliyetuletea kazi yenyewe.

Nimefungua laptopu tena. 42 toa 5 ni 37. Nimeangalia jedwali: kutoka 38 hadi 44, kabari 12 kwa 8, kina 5. Nimeangalia kama 42 nimeisoma sawa kwenye daftari la vipimo. Nimeisoma sawa. Shafti ilipakiwa Alhamisi kwenye pikapu kwenda shambani njia ya Korogwe, na shambani hawajapiga simu, na wale wakiwa na neno hupiga kabla hujafunga geti.

Halafu nikatoa kwenye mkoba ile nakala iliyorudi kutoka kwenye lezi. Imejaa mafuta, kona moja imechanika. Mzee kila kipimo alichomaliza kukiangalia hukiwekea vema ya penseli, ndiyo tabia yake, na vema zimo zote: 40 ya kwanza, 40 ya pili, mabega, 12. Kwenye 37 hapana vema. Kaizungushia duara.

Duara ni nini? Nimeigeuza karatasi kwenye taa. Ni la penseli, limekazwa, limepitiwa mara mbili. Dada angesema nimpigie nimuulize, na ningempigia, ila Mzee yuko msibani Pangani hadi wiki ijayo na mtu hapigiwi simu msibani aulizwe habari ya duara. Akirudi nikimuuliza ataona natafuta kusifiwa. Nisipomuuliza mchoro ujao nitaandika nini, 37 au 5? Nitaandika 37. Liwe liwalo.

Mwenzangu mmoja wa karakana nilimwonyesha picha ya duara kwa WhatsApp. Kajibu: "Labda alikuwa anajaribu penseli." Asante sana.

Ningeendelea, lakini Baba kanitumia ujumbe sasa hivi. Mtoto anatimiza siku ya saba keshokutwa, akika ipo, na kikao cha wazee kimepitisha kwamba mbuzi nitanunua mimi kwa kuwa ndiye mwenye mshahara. Mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, hapo nimepona. Ila kaandika awe ametimiza mwaka, asiwe kipofu, asichechemee, asiwe amekatwa sikio, na nisikubali bei ya kwanza. Umri wa mbuzi mtu anaujuaje? Kuna aliyewahi kuniambia wanafunuliwa meno. Nani atafunua, mimi au muuzaji? Na anarudije nyumbani, kwenye bajaji? Jina la mtoto nalo bado, bibi wawili hawajapatana. Mwenye kumjua mtu wa mbuzi maeneo ya Makorora au popote karibu, aniandikie usiku huu huu.