Mfalme Asiyeonekana: Picha ya Kiti cha Enzi cha Alba

Miongoni mwa picha za mafumbo zilizochapwa wakati wa Vita vya Miaka Themanini baina ya Uholanzi na Hispania (1568–1648), ninayoitazama zaidi ni ile ya kiti cha enzi cha Duke wa Alba, gavana wa Hispania katika nchi hizo, iliyotokea takriban mwaka 1569. Alba ameketi, na mbele yake wamepiga magoti wanawake 17 waliofungwa minyororo, kila mmoja akisimama badala ya jimbo moja la Nchi za Chini (takriban Uholanzi na Ubelgiji za leo). Kardinali Granvelle, mshauri wa mfalme wa Hispania, anampulizia sikioni kwa mivukuto. Margaret wa Parma, gavana aliyemtangulia, anavua mali za watu katika dimbwi la damu. Na kwa mbali makabaila Egmont na Horne wanakatwa vichwa, kama walivyokatwa kweli mjini Brussels tarehe 5 Juni 1568. Wakuu wa nchi wamegeuka nguzo za mawe, kidole mdomoni, na nadhani hao ndio waliosutwa kwa ukali zaidi.

Asiyekuwamo ni Mfalme Philip II wa Hispania mwenyewe. Waasi walidai wakati huo kwamba wanapigana na watumishi wabaya wa mfalme, si mfalme, na hawakumkana rasmi mpaka tarehe 26 Julai 1581. Picha hiyo, basi, ilimpa mtazamaji mtu wa kumchukia bila kumtia katika kosa la uhaini.

Alba naye aliijua lugha hiyo. Mwaka 1571 alisimamisha katika ngome ya Antwerp sanamu yake akiukanyaga uasi, iliyosubiwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa vitani Jemmingen. Lakini sanamu hukaa mahali pamoja, na mrithi wake, Requesens, aliiondoa mwaka 1574. Karatasi iliyochapwa kwa bamba la shaba ilinakiliwa, ikabadilishwa na kuuzwa upya miongo mingi baada ya Alba kuondoka.

Baadaye mwanamke wa mafumbo, yule anayesimama badala ya nchi, alifunguliwa minyororo. Katika kazi ya Willem Buytewech ya mwaka 1615, wakati vita vimesitishwa, yeye ni bibi wa bustani iliyozungushiwa ua na kulindwa na simba, huku Hispania ikija kwa hila. Ujumbe ulikuwa kwamba amani hiyo isiaminiwe.

Kisha fumbo likageuziwa wenyeji. Mwaka 1618, ugomvi wa kidini ulipoigawa jamhuri ya Uholanzi, ilichapwa picha ya mizani ambamo hoja za upande wa Oldenbarnevelt, kiongozi wa kisiasa wa jamhuri hiyo, zinashindwa uzito, si kwa hoja nzito zaidi, bali kwa upanga wa Maurice, amiri jeshi wake, uliotiwa katika sahani ya pili. Tarehe 13 Mei 1619 Oldenbarnevelt alikatwa kichwa mjini The Hague, na wachapaji wakaiuza picha ya siku hiyo pia.