Namba Tisa

Jana mjukuu wangu, madaftari yametapakaa mezani, kaniuliza: "Babu, namba gani huipendi?" Nikajibu bila kufikiri: tisa. Akacheka sana. Mwalimu wa hesabu ana ugomvi na namba!

Ni ile Jumanne ya 6 Novemba 2018, Minneapolis, siku Ilhan Omar alipochaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani. Wiki nzima nilikuwa napanda na kushuka maghorofa yetu ya mtaa wa Cedar-Riverside, nagonga milango kama muuza kahawa wa Tanga anavyogonga vikombe. Asiye na karatasi yenye anwani yake mpya nilimwambia njoo tu, nitakudhamini. Jimbo letu, Minnesota, linaruhusu: unajiandikisha siku hiyohiyo ya kura, na jirani aliyekwisha kuandikishwa kituo kilekile anakula kiapo kwamba anajua unapoishi. Kwamba kwa mdhamini mmoja mwisho ni watu wanane, hilo sikulitilia mkazo.

Saa moja na nusu usiku nikasaini fomu ya nane. Kugeuka, nyuma yangu kasimama yule mama wa Barawa, Somalia, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lifti imenichelewesha."

Mkononi kashika cheti chake cha uraia ndani ya mfuko wa nailoni, ingawa hakuna aliyemwambia akilete. Baridi nzima iliyotangulia nilikuwa namfundisha yale maswali mia ya uraia. Maseneta wangapi? Mia moja, anajibu kabla sijamaliza.

Karani, binti mpole, akaninyooshea vidole vinane, akavikunja. Nikawatazama wale wanane wangu. Hawafai; aliyedhaminiwa hamdhamini mwingine. Mama naye anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, anangoja aitwe.

Nikakimbilia ghorofani kutafuta jirani mwingine. Nikampata, akavaa viatu polepole kama anaenda harusini. Tukarudi saa mbili kasorobo. Mama hayupo.

"Miguu tu mwanangu, iliniuma," aliniambia kesho yake, na sambusa akanipa.

Baadaye walinitaka nigombee bodi ya shule. Nikakataa. Wakasema mwalimu ana unyenyekevu, nami nikawaacha waseme.

Kati ya wale wanane alikuwamo kijana mmoja aliyeniambia waziwazi kwamba amefuata kile kibandiko chekundu cha "Nimepiga kura", akapigie picha. Nilimsainia wa tatu.