Injini ya .40 Nakuru? Uliza maharagwe kwanza

Kabla niseme kama injini ya .40 inatosha ndege ya rimoti huku Nakuru, wacha nianze na aibu ndio tumalizane nayo. Siku ya kwanza nilipeleka ndege yangu ya rimoti Njoro, kwa shamba moja ya ngano yenye ilikuwa imevunwa na mwenyewe akakubali tutumie ile barabara ya murram katikati. Watoto kama kumi na tano wakakuja kukaa kwa ukingo, mmoja anatafuna muwa, mimi nikawasha injini ikanguruma poa kabisa, moshi ukatoka, nikafungua throto yote. Ndege ikakimbia. Ikakimbia tena. Ikakimbia mpaka yule wa muwa akauliza, "Hii ni ndege ama ni gari?"

Mwishowe ilipaa, kimo cha goti hivi, ikapita juu ya mabua kama mita hamsini pua ikiwa juu na mkia umening'inia, halafu bawa la kushoto likalegea na ikaenda kulala. Propela ilivunjika, gurudumu la mbele likakunjika nyuma kama mguu wa panzi. Nilirudi Nakuru na matatu nikiwa nimeshika bawa katikati ya magoti na kondakta akanilipisha viti viwili.

Sasa, hiyo ndege ni trena ya kawaida tu, yaani ndege ya kujifunzia, mabawa juu, mbao ya balsa, upana mita moja na nusu na kitu, kilo mbili na nusu hivi ikiwa na kila kitu. Ukiuliza mtu yeyote atakuambia ndege ya saizi hiyo inataka injini ya .40 mpaka .46. Kwa wenye hawajazoea, hizo ni inchi za ujazo, yaani .40 ni karibu cc 6.5 na .46 ni cc 7.5, kitu inatoshea kwa kiganja. Yangu ilikuwa .40, nilipewa na mjomba wangu wa Mtwapa, kule pwani. Ni ile ya bushi, kranki, ule mhimili wa kuzungusha propela, inazunguka ndani ya bushi tu, yaani bomba laini la metali, badala ya beringi, nyepesi, bei rahisi, haina mambo mengi. Yeye aliirusha miaka na haijawahi kumwangusha, kwa hivyo nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Hii kitu haipandi."

"Marahaba. Haipandi vipi? Kwangu ikipaa kama kunguru. Wewe hujaipatia sindano, mpwa wangu."

Nikaamini ni sindano. Sindano ni ile skrubu ndefu ya kabureta inapima mafuta yanaingia, ukiizungusha inalia klik klik, na mimi nilizungusha hiyo kitu wiki mbili mpaka jirani akaanza kunisalimia kwa jina la klik. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha paipu ya mafuta, nikainua tenki kidogo ilingane na sindano. Injini ikawa tamu kabisa, ukibana paipu kwa vidole sekunde moja inapanda sauti kidogo halafu inarudi, kama inavyotakikana. Lakini ndege ni ile ile, inakimbia kama kuku.

Mwenye alinitoa gizani ni mke wa mjomba na hata hajui. Walikuja kwa harusi, akapika maharagwe hapa kwetu, na akakaa hapo jikoni akilalamika gesi ya Nakuru ni ya wizi, maharagwe yaliyoloweshwa usiku kucha hayaivi, Mtwapa yangekuwa yameliwa zamani. Mama akamwambia si gesi, ni vile tuko juu, maji huku yanachemka kabla yapate moto ya kutosha. Mimi niko kwa mlango nimebeba injini. Nikasimama tu.

Kwa sababu ni hewa. Nakuru mjini iko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari na Njoro imepita 2,000. Hewa ikiwa nyepesi maji yanachemka kwa kama digrii 94 badala ya 100, na hewa hiyo hiyo ndiyo injini inavuta. Watu wa ndege wana hesabu ya haraka, kila futi elfu moja unapanda injini inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu, na Nakuru ni futi elfu sita, ukipiga hesabu imeenda asilimia kumi na nane, Njoro ni elfu saba kwa hivyo moja ya tano imepotea kabla hata hujawasha. Maana yake .40 yangu kule Njoro ilikuwa inafanya kazi kama .32. Na si injini peke yake. Propela inakata hewa nyepesi, bawa nalo linataka mwendo mkubwa zaidi ndio libebe uzito ule ule, kwa hivyo barabara yenye inatosha Mtwapa huku inakuishia ungali chini. Halafu ongeza jua la saa saba. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi, ndio maana siku hizi mimi huenda saa moja asubuhi kabla upepo pia haujaamka.

Kwa hivyo kile kitu ningependa kumwambia mtu anaanza huku kwetu ni hiki, ukiona wameandika .40 mpaka .46 wewe soma .46 peke yake, na ya beringi. .46 ukiipunguzia hiyo asilimia kumi na nane inabaki karibu .38, yaani ndio unakaribia pale mtu wa pwani anaanzia. Watu wengine huweka .55 na inaingia, zingine zimetengenezwa na mashimo ya kufungia sawa na ya .46, lakini kwa mwanafunzi sioni haja, pua inakuwa nzito na mafuta yanaisha mbio. Kisumu nako, penye ziwa liko kama mita 1,130, mtu anaweza kupona na .40 nzuri. Eldoret hata usijaribu.

Nilifikiria njia zingine, sitadanganya. Foo-stroki zina sauti tamu sana, kama ndege ya ukweli, lakini kwa cc zile zile nguvu ni kidogo kuliko tu-stroki kama hii yangu, kwa hivyo unapanda saizi nyingine tena, na kuna valvu za kupima na kukaza. Kwa mtu bado anaangusha ndege hiyo ni pesa inaenda mchangani. Petroli ndio kila mtu huuliza, si ununue tu petrol station? Injini ndogo za petroli ziko, lakini zinataka mfumo wa cheche na betri yake, uzito unaongezeka, na nyingi ni kubwa kuliko ndege hii.

Hizi zetu hazina cheche. Plagi ina kawaya kadogo ka platini, unaipasha na betri ya volti moja na nusu ukiwasha, halafu ukitoa betri inaendelea yenyewe kwa sababu mvuke wa methanoli, ile spiriti injini inachoma badala ya petroli, ukigusa platini ya moto unazidi kuiwasha. Ni kitu ya tangu miaka ya arobaini, Ray Arden kule Marekani ndiye aliitoa sokoni 1947, na mpaka leo bado nikiiangalia naona kama uchawi. Ukiweka petroli hapo hupati hiyo kazi.

Mafuta ndio kichwa kuuma Kenya. Unataka methanoli, oili, na nitromethani kidogo, ile kemikali ya kuongeza nguvu, kama unaipata. Sasa jaribu kuingia duka la kemikali Nakuru useme unataka methanoli lita tano. Yule dada wa kaunta aliniangalia kutoka kiatu mpaka kofia, na simlaumu, sote tunajua watu wangapi wamekufa na wengine wakapofuka kwa pombe yenye imetiwa hiyo kitu. Ilibidi nirudi na injini kwa mkono nimuonyeshe. Ukiwa nayo nyumbani ifungie na uandike SUMU kwa herufi kubwa, na ujue ikishika moto mchana huoni moto wenyewe, unasikia tu joto. Nitro niliacha, ni ngumu kupata na ni bei. Mchanganyiko wa methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20 ndio wanashindania nao hata kwa mashindano ya dunia ya aina zingine za modeli, na .46 yangu inakunywa hiyo bila maneno, ikigoma tu kidogo kukiwa na baridi.

Kuhusu oili, fundi wangu wa boda, mwenye karakana kule jua kali, aliniambia niache ushamba, niweke oili ya tu-stroki kama ya pawa-so. Nikamwambia fundi, leta chupa. Tukamwaga methanoli kwa chupa ya soda, tukaongeza oili yake, akatikisa kama dawa ya ng'ombe, tukaiweka kwa meza. Kabla chai iishe oili ilikuwa imeshuka chini kama mafuta ya supu yamelala, juu methanoli safi. Sasa fikiria injini inavuta hiyo ya juu peke yake, kavu, mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika. Mbarika inayeyuka humo vizuri, inachafua ndege yote na kunuka kidogo, mama akisikia harufu anakumbuka vile alikuwa akininywesha nikiwa mtoto tumbo likifunga.

Stima je? Nitakuambia ukweli, kama ningeanza upya leo pengine ningeanza na mota ya brashlesi. Mota ya umeme haivuti hewa, mlima hauipunguzii nguvu, propela tu ndio unaongeza saizi kidogo. Kwa trena unahesabu kama wati 220 kwa kila kilo, kwa hivyo yangu ingetaka kama 550, na betri ya lipo ya seli nne. Lakini betri mbili nzuri na chaja zingekula pesa ya injini yote, zikiisha unakaa chini ya mti unangoja, na kuzisafirisha kwa ndege kutoka ng'ambo ni shughuli. Tena mimi nilitaka moshi. Hiyo nayo ni sababu.

Basi .46 nikatafuta mtumba kwa mtandao, O.S., wale wa Osaka wamekuwa wakitengeneza injini ndogo tangu 1936. Jamaa mwenye aliniuzia alisema "iko sawa kabisa boss", na ikafika, nikazungusha kwa kidole polepole nikasikia krrr krrr kama mtu anatafuna mchanga. Beringi zimeshika kutu. Methanoli inavuta maji kutoka kwa hewa, mtu akimaliza kurusha na aiweke kabatini bila kuchoma mafuta yaliyobaki na kutia oili, kutu inaanza hapo hapo. Kwa hivyo ukinunua mtumba izungushe hivyo, polepole, karibu na sikio. Pistoni kukwama kidogo pale juu ikiwa baridi si ugonjwa, hizi zisizo na ringi silinda yake imebana juu makusudi na inafunguka ikipata joto. Mchanga ndio ugonjwa.

Fundi wa boda akajikomboa hapo. Alifungua kila kitu, akaweka kesi tupu ya injini juu ya bati kwa jiko la makaa mpaka mate yakigusa yanaruka, akaishika na kitambaa akaigonga kwa mbao mara moja, paa, beringi ikaanguka yenyewe kama jino la maziwa. Akasoma namba kwa ukingo wake na boda akatumwa dukani. Nusu saa. "Hii ni pikipiki tu," akasema, "imekosa magurudumu."

Nikaifunga na propela ya 11 kwa 5 badala ya 10 kwa 6 (namba ya kwanza ni urefu kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani inchi ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), kwa sababu kwa hewa yetu unaweza kubeba propela ndefu kidogo na pichi ndogo inavuta vizuri kupanda. Jumamosi iliyofuata mjomba alikuwa bado Nakuru nikamchukua tukaenda Njoro. Watoto walikuwa hapo, wa muwa pia. Ndege ilikimbia kama mita ishirini ikainuka, ikaendelea kupanda, nikapunguza throto na bado inapanda. Mjomba alikunja mikono nyuma akaangalia mizunguko mitatu yote bila kusema kitu, halafu akasema, "Nipe hiyo rimoti."

Ile .40 alirudi nayo Mtwapa, imefungwa na gazeti ndani ya begi la mkewe kando ya kilo mbili za viazi. Juzi amenitumia video inapanda juu ya minazi, na chini ameandika, "Nimefungua sindano klik nne. Huku yavuta hewa nzito."