Wamarekani Walifika Siku Yao

Nyumba ya wageni ilikuwa Mkunazini, Mji Mkongwe, na programu yake ya kuwekea vyumba ilitegemea maktaba ndogo ya JavaScript ya kalenda, yaani msimbo wa tayari ulioandikwa na wengine. Tarehe za baadhi ya wageni zilikuwa zikiandikwa vibaya, nami nikawa natafuta sababu. Nyaraka zake zilisema wazi kwamba formatDate(), fanksheni yake ya kuandika tarehe, inarudisha tarehe ya pale alipo mtumiaji.

Bi mkubwa mwenye nyumba ndiye aliyenipa ufunguo wa mambo. "Mwanangu, Wamarekani wanakuja siku yao. Wajerumani na Wataliana ndio wanaochelewa siku moja, wote." Aliyechagua kuingia tarehe 12 Julai na kuondoka 15 aliandikwa 11 hadi 14. Chumba kikalala kitupu usiku wa 11, na usiku wake wa mwisho kikauzwa kwa mwengine. Hapo ndipo zogo la mapokezi lilipoanza.

Nikaziweka kando nyaraka, nikafungua node_modules, folda linalokaa msimbo wa maktaba. Tazama kwanza "main" (au "exports", ikiwapo) ndani ya package.json, faili la maelezo ya maktaba, ujue ni faili lipi linaloendeshwa hasa; la src (msimbo wa asili) na la dist (uliotayarishwa kutumika) huweza kupishana. Fanksheni nzima ilikuwa mstari mmoja:

return d.toISOString().slice(0, 10)

toISOString hutoa majira ya UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, popote ulipo. Saa sita usiku ya kuingia tarehe 12 hapa Unguja, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya tarehe 11. Ukikata herufi 10 za mwanzo, unabaki na 11. Ujerumani na Italia nazo ziko mbele ya UTC. New York iko nyuma, kwa hiyo saa sita usiku ya huko tarehe haigeuki. London ndiyo fitina: Januari sawa, Julai kosa, maana kiangazi saa yake husogezwa mbele ya UTC. Mtu akijaribu tarehe kama hizi akiwa Marekani hataliona kosa hata siku moja.

Nilithibitisha kwa amri mbili, TZ ikiiambia kompyuta ijifanye iko mji gani:

TZ=America/New_York node jaribu.js
TZ=Africa/Dar_es_Salaam node jaribu.js

(Usitafute Africa/Zanzibar, haimo kwenye orodha.) Ya kwanza ilitoa 12, ya pili 11.

Kurekebisha ndani ya node_modules ni kazi bure, amri ya npm ci, inayosakinisha maktaba upya, hufuta yote. Nikaandika fanksheni ya pembeni inayosoma tarehe ya pale alipo mtumiaji: getFullYear(), getMonth() + 1 kwa kuwa miezi huanzia sifuri, getDate(), kisha padStart(2, "0") ya kutia sifuri mbele ya tarakimu moja.

Tarehe zilizokwisha kuingia kwenye mfumo hazikuweza kusogezwa mbele siku moja zote kwa mkupuo, maana za Wamarekani zilikuwa sahihi na mfumo haukuhifadhi majira ya mgeni. Bi mkubwa akashika simu, akawauliza wageni mmoja mmoja kwa WhatsApp.