Kiboko wa Kulipia na Kiboko wa Bure

Mimi mzaliwa wa Rufiji, halafu nalipa hela nikamtazame kiboko! Boti ya muda wa saa mbili pale St Lucia, mji wa kando ya ziwa kaskazini ya Durban, Afrika Kusini, ilinigharimu karibu bei ya debe la mchele, na maji ya kunywa unajinunulia. Nililipa.

Ziwa lenyewe lilinishika, nisidanganye. Zamani ilikuwa bahari iliyoingia mabondeni baada ya barafu ya dunia kuyeyuka. Mawimbi na upepo vikajenga vilima vya mchanga, leo vimeota msitu, maji yakafungiwa ndani na kuachiwa mlango mwembamba. Mlango ukiwa wazi, chumvi inaingia. Ukiziba na mvua zikagoma, jua linayanywa maji, maana ni ya kina kifupi, na chumvi inapanda kuliko ya baharini. Miaka ya 2000 sehemu kubwa ilikauka. Januari 2021 mchanga uliouziba mlango ulichimbuliwa kwa mashine, ukazuka ubishi mkubwa. Kandokando niliona mchu na msinzi, mikoko ile ile ya kwetu, kwazi juu yake, na mamba wamelala tope moja na viboko.

Usiku nikatoka kununua chipsi. Chini ya taa ya barabarani nikaona kitu nilichodhani ni gari limefunikwa turubai. Kikatafuna. Krap, krap, kama mtu anachana kanga mpya. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Mkongo wa Bukavu, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Ndugu, simama hapo hapo. Usimmulike." Hatua kama kumi na tano hivi. Mchana kiboko analinda ngozi yake majini, usiku anapanda kula, na bustani za mji ule zina nyasi laini. Tukasimama mpaka chipsi zikapoa, magoti yangu yakicheza yenyewe. Mnyama hakutujali hata kidogo.

Kwetu angekula mpunga. Nimelala dunguni na bibi misimu mingi, tukipiga madebe usiku kucha, na asubuhi jaruba limelazwa chini kana kwamba trekta limepita. Wale wa St Lucia wanamwekea kibao cha tahadhari na kumpisha.

Nilimpigia mama simu kumsimulia. Nilipotaja bei ya boti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angalau nilikula.