Kidonda cha baba na mpira wa kupimia leveli

Mimi ni fundi wa pampu za maji na umwagiliaji hapa Morogoro. Kazi yangu ni mabomba, vali na presha, na tangu utotoni nikiona kitu nataka kujua kwa nini kiko hivyo. Sikujua kwamba ipo siku nitahitaji hayo yote kwa ajili ya makalio ya mzazi wangu.

Baba alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Tukajifunza kumlisha, kumwogesha na kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Kwamba kiti chenyewe kinaweza kumdhuru, hakuna aliyetuambia. Kama wiki ya sita hivi dada yangu aliniita akiwa anamwogesha. Chini ya kalio la kushoto, pale mfupa wa kukalia unapogusa kiti, palikuwa na doa la ukubwa wa kizibo cha soda. Kila mtu husema uangalie wekundu. Ngozi ya baba ni nyeusi tii, wekundu utauonea wapi? Doa lilikuwa jeusi kuliko pembeni, gumu kidogo, na ukiligusa kwa mgongo wa vidole unasikia joto. Kama unauguza mtu mweusi, tumia vidole vyako kabla ya macho.

Ushauri ukamiminika. Jirani mmoja akasema tusugue kwa spiriti asubuhi na jioni ili damu itembee. Tulisugua siku mbili, mpaka mhudumu wa kliniki alipotukataza: nyama iliyo juu ya mfupa imeshachoka, ukiisugua unazidi kuichana kwa ndani, na spiriti inakausha ngozi. Ndugu mwingine, kwa kujiamini kabisa, akasema dawa ni mpira wa duara wenye tundu katikati ili doa lining'inie bila kuguswa. Hilo liliniingia akilini. Nikachukua tyubu ya toroli, nikaijaza upepo, nikaifunga kwa khanga, tukamkalisha baba. Yeye mwenyewe alisema, "Afadhali hapa, mwanangu." Baada ya siku nne doa lilikuwa limepanuka, na katikati ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na karatasi nikachora kalio kama ninavyochora shamba la umwagiliaji. Damu inafika kwenye nyama kupitia vimishipa vyembamba mno, hata chembe nyekundu yenye upana wa kama maikromita 7 au 8 inapita kwa kujibanabana, moja nyuma ya nyingine. Mwaka 1930 Mmarekani Eugene Landis alipima presha ndani ya vimishipa hivyo kwenye kidole cha mtu, na upande damu inapoingilia akapata kama milimita 32 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Huo ndio mpira wa matone, ule unaodondoshea mimea maji, wenye presha ndogo kuliko yote shambani. Ukiukanyaga, maji hayapiti. Sasa ule mduara wa tyubu ulikuwa umekanyaga mipira yote kwa pande zote, na doa la katikati likabaki kama mche uliozungushiwa mfereji mkavu. Mfupa haukugusa kitu, ni kweli, lakini damu ya kwenda pale ilizibwa njiani. Tyubu ikarudi kwenye toroli asubuhi ileile.

Kilichoniuma ni kwamba kila mtu alikuwa anakisia, mimi nikiwa wa kwanza. Shambani siuzi pampu bila kupima. Vifaa vya kupimia presha ya mtu aliyekaa vipo, ila bei yake si ya kwetu. Ndipo nikaukumbuka mpira wa leveli, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, mafundi ujenzi wanaoutumia kusawazisha msingi. Presha ni kimo cha maji tu. Milimita 1 ya zebaki ni sawa na sentimita 1.36 za maji, kwa hiyo zile 32 za Landis ni kama sentimita 44. Kipimo nilikuwa nacho stoo, kimening'inia kwenye msumari.

Nilihitaji kifuko laini cha kuweka chini ya mfupa. Duka la dawa walikuwa wanauza mifuko ya mkojo, mipya, kwa elfu mbili au tatu. Nikaunga mpira wangu kwenye bomba la juu la mfuko, nikajaza maji, nikaukalia mimi mwenyewe. Maji hayakupanda hata nukta. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta penye kuvuja, kumbe bomba la juu lina kivali cha kuzuia mkojo usirudi kwa mgonjwa! Nikahamia kwenye koki ya chini ya kumwagia, maji yakapanda. Lakini mfuko ulikuwa mkubwa, maji yakikimbilia pembeni pasipo na uzito na plastiki chini ya mfupa ikigusana. Nikauziba kwa pasi juu ya karatasi mpaka kikabaki kifuko cha ukubwa wa kiganja. Nikakijaza kupita kiasi, kikawa kama jiwe, kinasoma uongo mkubwa. Kipimo sahihi kilikuwa kama kikombe kidogo cha kahawa, kifuko kikiwa kimelegea. Matone mawili ya wino wa bluu, mpira nikaufunga wima kwenye ubao niliouchora sentimita, sifuri ikiwa usawa wa kiti.

Mama aliketi pembeni akiangalia. Tulipomkalisha baba juu ya ubao mtupu bila mto, wino ulipanda, ukapita mita, ukapita mita moja na nusu, ukamwagika kwenye mdomo wa mpira hadi sakafuni. Mama akasema, "Huyu mtu tulikuwa tunamkalisha hivi kutwa?" Hakuna aliyemjibu. Mto wa sponji tuliokuwa tunautumia siku nyingine ulisoma sentimita 95. Ile tyubu ya duara, nilipoweka kifuko kwenye ukingo wake, ilikuwa 120. Nilifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja.

Mto niliotengeneza ni huu. Nilikata tyubu za baiskeli vipande nane, nikavilaza sambamba ndani ya fremu ya sponji ngumu, ncha zote nikaziunga kwa T za plastiki za mipira ya matone na kuzifunga kwa vipande vya mpira. Upepo unahama kutoka kipande hadi kipande. Penye uzito panazama, pembeni panainuka kupokea sehemu ya mzigo, na eneo linalobeba mwili linaongezeka. Kanieneo, yaani presha, ni kani kugawanywa kwa eneo, tuliimba hivyo darasani. Jaribio la kwanza nilikunja tyubu moja ndefu bila kuikata, kila kona ikajibana na upepo ukakwama. Usijisumbue na njia hiyo.

Siri kubwa ni upepo mchache. Mtu akishakaa, pitisha mkono chini ya mto, kiganja juu, utafute mfupa. Kati ya mfupa na ubao wa chini ubaki upana wa kidole. Ukisikia mfupa umegonga chini, ongeza. Kalio likielea juu kama mashua, punguza. Na gamba la nje liwe limelegea: dada alishona la kitambaa kizito, zuri, limebana kama ngoma, na wino ukapanda sentimita 15 zaidi kwa sababu kitambaa kilimzuia baba asizame. Tukaweka khanga kuukuu.

Baada ya marekebisho hayo nilipata sentimita 70. Nilikuwa bado sijaridhika, mpaka nilipoona magoti yake. Vikanyagio vya kiti vilikuwa juu mno, mapaja yamenyanyuka, uzito wote umerudi kwenye mifupa miwili ya nyuma. Nilifungua nati, nikavishusha kama inchi moja na nusu. Wino ukashuka palepale hadi 57, mbele ya macho yetu, bila kuongeza hata shilingi. Nimemwambia kila mwenye mgonjwa ninayemjua aangalie vikanyagio kwanza.

Bado 57 si 44. Basi nikamwomba baba ainame mbele, viwiko juu ya meza, kama mtu anayecheza bao. Wino ukaanguka hadi 10. Tangu siku hiyo simu ya dada hulia kila baada ya dakika 20, na baba anainama kwa dakika mbili. Mwanzoni alikasirika, sasa hangoji simu. Usiku tunamgeuza kila baada ya saa mbili, mimi na mama kwa zamu. Kliniki waliendelea kuliangalia doa kila wiki, na halikuwahi kufunguka. Kwenye wiki ya tano joto lilikuwa limekwisha, ya nane ngozi imelainika.

Gharama zote sidhani kama zilifika elfu arobaini, ukiacha tyubu nilizokuwa nazo. Tyubu moja ilishapata pancha, nikaiziba kwa solusheni kama ya baiskeli yoyote. Asubuhi baba mwenyewe hupitisha mkono wake mzima chini ya mto kabla sijauliza. Jana aliniita nikiwa nanawa uso: "Upepo umepungua, lete pampu."